Redio ilikuwa na magonjwa mawili, mengine yote niliyaleta mimi

Kama mezani kwako kuna transiva (redio ya kurusha na kupokea) ya zamani ya redio ya ridhaa, labda umerithi, labda umenunua kwa mtu aliyekuapia kwamba mara ya mwisho ilikuwa inapiga kazi fresh, na mkono unakuwasha uichomeke tu uone itakuwaje, basi subiri kwanza. Mimi sikusubiri, na kilichofuata kimenila miezi saba, na hela ya vipuri peke yake imepita bei niliyonunulia redio yenyewe.

Yangu ni ya katikati ya miaka ya 1970, zile tunazoziita haibridi, yaani karibu mwili mzima ni transista ila kule mwisho kwenye kutoa nguvu kuna valvu tatu, zile taa za kioo za kabla ya transista, moja ya kusukuma aina ya 12BY7A na mbili za mwisho 6146B. Ni ukoo mmoja na akina Kenwood TS-520 na Yaesu FT-101, ingawa FT-101 za mwanzo zilitumia valvu za jamii ya 6JS6 kule mwisho. Jina la yangu naliacha, maana ugonjwa wake si wa kiwanda, ni wa umri tu, na mwingine ni wa mikono yangu. Kitu cha kukumbuka muda wote ni kwamba hizo valvu za mwisho zinakula volti kama 800 kwenye pleti (lile bati la nje ndani ya kioo), na hizo volti hazina utani kabisa, nitarudi hapo.

Siku ya kwanza nikaifuta vumbi, nikachomeka moja kwa moja ukutani, nikawasha. Dayo, kile kioo cha namba za masafa, ikawaka rangi ya chungwa, sindano ya mita ikatikisika, spika ikatoa mvumo halafu zikaja sauti za watu kwa mbali sana, kama wanaongea chumba cha pili na mlango umefungwa. Nilifurahi kama mtoto. Nikawasha na valvu, nikazipa dakika chache zipate moto, nikageuza swichi kwenda kurusha bila hata kusema neno. Sindano ya mkondo ilitakiwa isimame kwenye 60 mA itulie. Ikapita 60, ikapita 100, ikapita 200, inapanda taratibu kama maji yanavyojaa ndoo, na mimi nimekodoa macho tu nikidhani labda ndivyo inavyojipasha. Halafu nikaona wekundu kwenye matundu ya kifuniko. Siyo ule mwanga wa filamenti katikati, hapana, lile bati la nje la valvu lenyewe, zote mbili, jekundu kama kaa la moto. Nikazima. Harufu ya vumbi lililoungua ilibaki chumbani mpaka asubuhi.

Hapo ndipo nikafanya kosa la gharama kuliko yote. Nikajiambia valvu zimekufa, nikaagiza mbili mpya zilizolinganishwa, nikasubiri wiki tatu, zikaja, nikachomeka, nikarusha. Nyekundu tena. Safari hii nilikuwa mwepesi wa kuzima lakini moja ilishaumia, mpaka leo inatoa nguvu pungufu kuliko mwenzake.

Nikampigia mzee mmoja ninayemfahamu kwenye bendi, ameanza kushika redio hizi zikiwa bado mpya kwenye boksi. Nikamsimulia yote. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Sasa mwanangu, kwenye gridi umekuta volti ngapi?"

Nikamwambia mzee, sijapima.

"Basi valvu umezibadilisha kwa ushahidi gani?"

Sikuwa na jibu. Akanielekeza. Kati ya pleti ya ile valvu ya kusukuma na gridi za valvu za mwisho kuna kakapasita kadogo, kazi yake kupitisha mawimbi na kuzuia volti za moja kwa moja zisivuke. Upande mmoja kuna mamia ya volti chanya, upande wa pili gridi, ile inayozuia mkondo wa valvu, inatakiwa ikae kwenye hasi 50 hivi ili valvu isinywe umeme hovyo. Kakianza kuvuja, hata kidogo tu, ile chanya inapenya, hasi inaliwa, na valvu inafunguka kama bomba lisilo na koki. Nikachomoa valvu zote mbili za mwisho, nikabana mita kwenye pini namba 5 ya soketi redio ikiwa imezimwa, nikasogea nyuma ndipo nikawasha. Ilianza hasi 48. Ikawa 40, ikawa 31, inaendelea tu kulegea kadiri kanavyopata moto, dakika ya nne imefika hasi 12. Nikazima, nikakata mguu mmoja wa ile kapasita, nikawasha tena: hasi 52, imeganda hapo kama picha. Kitu chenyewe ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Nikaweka mpya ya maika ya volti 1000 na tangu hapo sijaona wekundu tena. Ushauri wangu, kama una haibridi ya umri huo usingoje ivuje, ibadilishe hiyo kabla hujarusha hata mara moja, ndiyo kipuri pekee ninachosema ubadilishe bila kupima.

Na kuhusu kuchomeka ukutani moja kwa moja. Kapasita za elektroliti zikikaa miaka bila umeme, ile ngozi nyembamba ya oksaidi ndani yake inadhoofika, ukizimwagia volti zote kwa ghafla zinavuja, zinachemka, saa nyingine zinapasuka na kuondoka na transfoma, na transfoma ya redio hizi kuipata ni kazi. Njia ya bei rahisi ni balbu. Chukua balbu ya zamani ya waya, siyo LED, ya wati 60 au 100, iunge kwenye njia ya umeme ili mkondo wote wa redio upitie kwenye balbu kwanza, na valvu ziwe zimezimwa. Balbu ikiwaka kidogo halafu ikafifia uko salama, ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo kuna shoti ndani na balbu ndiyo imekuokolea redio. Mwenye transfoma ya kupandisha volti kidogo kidogo ana raha zaidi, anaweza kuipandisha kwa saa nzima. Mimi nilibahatika tu, zangu zilivumilia. Halafu fyuzi, angalia thamani iliyoandikwa kwenye manyo (kitabu cha maelekezo) ya redio, siyo ile uliyoikuta ndani, maana yangu nilikuta mwenye nayo wa kwanza ameweka kubwa mara mbili, yaani angeunguza nyumba kabla fyuzi haijakatika.

Sasa lile la volti 800. Nilijua kabisa kwamba kapasita zinabaki na umeme hata ukichomoa waya, kila mtu anasoma hilo. Ila nilijua pia kwamba kuna resista za kumwaga huo umeme wenyewe, sasa nikawa nachomoa, naenda zangu, robo saa narudi naingiza mkono kwa amani. Siku hiyo moja ya hizo resista ilikuwa imeshakatika ndani kwa uzee na nje inaonekana nzima kabisa. Mkono ulirudi wenyewe kabla sijajua kimetokea nini, ukagonga ukingo wa bati ukachanika, bega likauma siku mbili. Nilikaa chini sakafuni muda mrefu nikiangalia tu ile redio. Wiki mbili sikuigusa, na si kwamba nilikuwa na shughuli, niliiogopa. Siku hizi nina kijiti cha plastiki chenye resista ya kiloomu chache ya wati kubwa mbele yake, waya wake umebanwa kwenye chesisi, nagusa nao kapasita kwa sekunde kadhaa, halafu napima kwa mita, halafu ndipo naingiza mkono, na ule mwingine unakaa mfukoni. Mara ya pili napima tena. Nikichekwa nachekwa.

Tukija kwenye ule uziwi, maana kumbuka redio ilikuwa inasikia kwa mbali. Hapa naona aibu kuandika ila ndiyo lengo lenyewe. Nilisoma mahali kwamba redio ikizeeka inapoteza alaimenti, yaani ulinganifu wa koili zake na masafa, ndani kuna vikopo vidogo vya bati vyenye koili, na ndani ya koili kuna kijiti cha feraiti unachokizungusha kupanda au kushuka. Nikachukua bisibisi ya chuma, nikaanza. Cha kwanza nikakizungusha nusu raundi, sauti ikapungua, nikarudisha, haikurudi palepale, nikaenda cha pili, nikaenda cha tatu, na sikuweka alama hata moja. Cha nne kilikuwa kigumu kwa nta ya zamani, nikakaza mkono, nikasikia kitu kinasema tik. Kimepasuka ndani ya koili. Bisibisi ya chuma ni pana kuliko ule mwanya, inapanua feraiti mpaka inagawanyika vipande viwili vinavyobana ukuta, na ukishafika hapo hakitoki wala hakizunguki. Usiku ule redio ikawa haisikii hata zile sauti za chumba cha pili.

Ugonjwa halisi niliujua mwezi mmoja baadaye, na kwa bahati. Nilikuwa nageuza ile swichi ya kurusha na kupokea haraka haraka kwa hasira tu, mara stesheni moja ikafumuka kwenye spika kwa nguvu, halafu ikafifia tena. Nikagonga relei kwa mpini wa kalamu, ikafumuka. Relei! Ile inayohamisha antena kutoka upande wa kurusha kwenda upande wa kupokea, ncha zake zilikuwa nyeusi kwa uchafu wa miaka, mawimbi madogo ya kupokea hayavuki. Nikakata kipande cha karatasi ngumu, nikakilowesha spiriti safi, nikakipitisha katikati ya ncha, nikazibana taratibu kwa kidole na kukivuta. Kilitoka na mstari mweusi kama wa wanja. Nikarudia mpaka karatasi ikatoka nyeupe. Msasa usitumie, zile ncha zina ngozi nyembamba ya fedha, ukiikwangua umeiua relei. Dakika kumi za kazi, na mimi nilishaharibu alaimenti ya redio nzima kutafuta kitu kilichokuwa nje kabisa ya hivyo vikopo.

Kurudisha alaimenti kulinichukua wiki tatu za jioni. Kijiti kilichopasuka nilikitoa vipande vipande kwa sindano, nikatoa kingine kwenye mzoga wa redio ya aina hiyohiyo niliyonunua kwa ajili ya kuchinjwa, gharama nyingine hiyo. Halafu nikafuata manyo hatua kwa hatua na bisibisi ya plastiki, nikitumia ile kalibreta ya ndani ya redio kama chanzo cha mawimbi na kuangalia sindano ya S mita (mita ya nguvu ya mawimbi yanayopokelewa), naipandisha mpaka kileleni, narudi nyuma, naipandisha tena. Inawezekana. Ila kama redio haijaguswa na mtu alaimenti yake mara nyingi bado iko sawa baada ya miaka hamsini, ukiikuta imechakachuka ujue aliyepita kabla yako alikuwa mtu kama mimi.

Swichi ya bendi nilitaka kuiua pia. Zile swichi za kuzungusha zenye visahani, ukizungusha unasikia mikwaruzo, nikachukua dawa ya kupuliza ya kulainisha kutu, ile ya milango na boliti, nikapuliza yote. Siku mbili ilikuwa tamu, baada ya hapo ikakamata vumbi ikawa na utando wa mafuta, na visahani vya zamani vinafyonza hayo mafuta. Nikaosha kwa spiriti na vijiti vya pamba, jioni tatu. Tumia dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya swichi za umeme, tone moja kwenye ncha ya kijiti, zungusha swichi mara ishirini huku na huku, basi.

Kapasita za elektroliti ndiyo mada inayogombanisha watu. Wengine wanasema badilisha zote siku ya kwanza. Mimi nilibadilisha zote za bodi ya sauti usiku mmoja, kumi na mbili, nikawasha, moja ikalia pwaa ikatapika karatasi zake za ndani mpaka kwenye miwani yangu. Niliiweka kinyume, chanya kwenye hasi. Na katika kuzitoa nilitumia pasi ya solda yenye moto mwingi, njia mbili za shaba zikabanduka kwenye bodi, bodi za enzi hizo gundi yake imechoka, ukikaa na moto sekunde tano imekwenda. Baya zaidi, baada ya hapo sauti ikawa na mngurumo ambao haukuwepo mwanzo, na kwa kuwa nimegusa kumi na mbili sikujua nianzie wapi. Sasa hivi napima kwanza, ile iliyovimba, iliyotoa maji miguuni, au ambayo mita inasema imekauka ndiyo inatoka, napiga picha, natoa moja, naweka moja, nawasha, nasikiliza. Inachosha lakini kitu kikiharibika najua ni kipi. Resista za kaboni nazo zipime, zinapenda kupanda thamani na uzee, niliikuta moja imeandikwa kiloomu 100 na mita inasoma 160.

Ukifikiri ukinunua ya miaka ya 1980 yenye transista tupu umekwepa haya, pole. Hakuna volti 800, hilo ni jema, ila nimewahi kufungua moja nikakuta ile gundi ya njano waliyokuwa wanashikilia nayo vipuri imegeuka kahawia, na ikigeuka hivyo inaanza kupitisha umeme na kula miguu ya vipuri, masafa yanarukaruka na dayo inaonyesha nukta tu. Unaikwangua yote kwa subira na kijiti cha mbao, unasafisha. Halafu angalia betri ndogo ya memori. Baadhi ya redio za muongo ule zina programu yenyewe ya kuendesha redio kwenye memori inayotegemea hiyo betri, ikiisha redio inakuwa jiwe, kwa hiyo usiichomoe kwa kuwa umesikia ni nzuri kubadilisha, soma kwanza yako ni ya aina gani.

Narudi kwenye yangu. Baada ya kubadilisha valvu za mwisho lazima usawazishe upya, maana kila valvu ina kapasitansi yake ya ndani, usiposawazisha redio inaweza kuanza kujipigia kelele yenyewe na kula valvu. Kuna trima, kapasita ndogo ya kuzungusha, maalum ya hiyo kazi. Nilifuata manyo, bendi ya 28 MHz, volti ya skrini (gridi ya pili ya valvu) imekatwa kwa swichi ya nyuma, unasukuma mawimbi na kuangalia yanayopenya kwenye antena, unazungusha trima mpaka yawe madogo kabisa. Kwa kifaa cha plastiki, na kirefu, maana pale pana volti kubwa. Usawazishaji huo na majaribio yote ya kurusha nilifanyia kwenye mzigo bandia wa omu 50, resista inayokula nguvu bila kuirusha hewani, siyo antena, kwanza ni usalama wa redio, pili hutaki kumpigia dunia nzima filimbi ukiwa unajifunza, na leseni yenyewe ilikuwa bado haijatoka. Unazungusha nobu ya pleti mpaka sindano ya mkondo ibonyee, unaongeza ile ya lodi kidogo, unarudi kwenye ya pleti, na sekunde kumi zikipita unaachia, valvu zipoe. Ukikaa hapo unatafuta kilele kwa nusu dakika ndipo zinapokufa.

Masafa yalikuwa yanatembea pia, nikaanza kuwaza kapasita za osileta (sehemu inayotengeneza masafa), mkono ukawa unaelekea bisibisi. Safari hii nikaweka saa, nikaizirohisha na WWV, stesheni ya Marekani inayorusha masafa ya uhakika, kwenye 10 MHz, nikaandika kila dakika tano imesogea wapi. Nusu saa ya kwanza ilitembea, baada ya hapo ikatulia. Haikuwa na ugonjwa, ilikuwa inapata moto tu, ndivyo zilivyo. Nikairudishia kifuniko. Na by the way, ukiona redio yako ya enzi hizo haina bendi za 10, 18 na 24 MHz za kurusha usianze kuifungua, hizo bendi zilikubaliwa kwenye mkutano wa dunia wa masafa ya redio, WARC 1979, redio ilizaliwa kabla.

Mara ya kwanza kurusha kwa antena, leseni imeshatoka, ilikuwa 7 MHz jioni. Niliita mara tatu, nikajibiwa na mtu aliyesema sauti yangu ina "unene mzuri" ila kuna mngurumo kidogo nyuma. Ule mngurumo wa bodi ya sauti, sikuwa nimeumaliza. Nilimwambia najua.

Siku hizi naiwasha angalau mara moja kwa mwezi, saa nzima, kapasita zisilale. Kila bendi nazungusha swichi mara kadhaa. Nina daftari, upande wa kushoto volti zilizoandikwa kwenye manyo, upande wa kulia nilizokuta mimi na tarehe. Feni ya nyuma ya valvu nimeitia tone la mafuta. Mngurumo niliukamata mwezi wa saba wa kazi hii, haikuwa kapasita hata moja katika zile kumi na mbili, ilikuwa ni skrubu ya kushikilia bodi kwenye chesisi, niliilegeza usiku ule wa kubadilisha na sikuikaza vizuri, bodi ikawa inakosa eathi yake. Robo raundi tu ikanyamaza.

S mita bado inanata kwenye S3 mpaka niigonge kwa kidole. Nimeiandika kwenye daftari. Sijaifungua.